Msonobari wa Wollemi nyumbani: yale niliyojifunza baada ya kuua mmoja

Wa kwanza niliuua mwenyewe, ndani ya miezi 11. Baridi haikuhusika, jua halikuhusika, wala hakuna mdudu aliyeugusa. Niliuua kwa sahani ya plastiki niliyoiweka chini ya chungu ili maji yasichafue sakafu ya baraza. Nilikuwa nimeambiwa huu ni mti adimu, nami nikadhani adimu maana yake ni dhaifu, basi kila asubuhi nikawa naupa kikombe kizima cha maji. Ncha ilipoanza kuinama, nikaongeza maji. Majani yalipopauka kama majivu, nikaongeza tena, na mbolea juu yake. Siku nilipouchomoa, mizizi ilikuwa myeusi na laini kama uzi uliolowa, na udongo ulikuwa unanuka mtaro.

Sasa ninayo miwili. Mmoja uko kwenye chungu mwaka wa saba huu, una urefu wa sentimita 190. Mwingine uko ardhini na umeshanipita kimo. Sijawahi kuibembeleza kama nilivyoubembeleza ule uliokufa.

Jina lake la kitaalamu ni Wollemia nobilis. Tunauita msonobari kwa kukosa neno jingine, lakini si msonobari halisi. Ukoo wake ni Araucariaceae, pamoja na ile araukaria ya kisiwa cha Norfolk ambayo watu huipanda mbele ya nyumba ikapanda juu kwa ngazi ngazi kama mnara, na ile ya Chile ambayo majani yake magumu yanachoma mpaka unajuta kuisogelea. Wollemi hauchomi. Majani yake machanga ni laini, yamepangika kwenye kitawi kama ya jimbi, na yanapotoka huwa na kijani cha kung'aa, kisha yanakolea polepole mpaka yanaelekea samawati. Mti ukikua, gome hutoka vinundu vya kahawia vilivyojazana kama uji unaochemka. Mtu akiuona mara ya kwanza hajui aite nini. Jirani yangu aliniuliza kama nimepanda jimbi likasahau kuinama.

Septemba 1994, David Noble, mtumishi wa idara ya hifadhi za taifa katika jimbo la New South Wales nchini Australia, alikuwa na wenzake wawili wakishuka makorongo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Wollemi, kaskazini-magharibi mwa Sydney. Akakuta miti asiyoijua. Akachukua kitawi, akaenda nacho kuwaonyesha wenye ujuzi wa mimea, nao hawakukitambua. Mwaka 1995 mti ukapewa jina: Wollemia kwa ajili ya hifadhi, nobilis kwa ajili yake Noble. Chavua inayofanana na yake imo kwenye miamba yenye umri wa takriban miaka milioni 90. Porini, miti mikubwa haifiki 100, na mahali ilipo panafichwa hadi leo.

Wapo wanaosoma habari hiyo wakauogopa mti. Mimi nakuomba ulitazame lile korongo, maana ndilo linaloeleza karibu kila utakachofanya bustanini. Ni ufa mwembamba kwenye mawe ya mchanga. Hewa ina unyevu. Mche ukiwa mdogo uko kivulini, ukirefuka ndipo unalikuta jua. Upepo mkali hauingii. Udongo ni haba na una uchachu, yaani asidi. Na maji hayatuami pale, yanapita. Hilo la maji kupita lingeniokolea mti wangu wa kwanza.

Kununua mche

Tangu 2005 na 2006 miche iliyooteshwa kwenye vitalu imekuwa ikiuzwa kwa watu wa kawaida, na ilifanywa hivyo kwa makusudi: mti ukienea kwenye bustani nyingi za watu, hakuna mwenye sababu ya kwenda kulitafuta korongo. Kwa hiyo usione haya kuununua, ila uliza umetoka kitalu gani na una umri gani.

Unapoushika mche, anza na ncha kuu. Iwe moja, imesimama wima, na isiwe imevunjika. Kisha tazama matawi: yazunguke shina pande zote. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Mti huu una tabia ya kukumbuka kazi yake. Kipandikizi kilichokatwa kwenye ncha ya shina huendelea kuwa shina. Kipandikizi kilichokatwa kwenye tawi la pembeni, mara nyingi huendelea kuwa tawi. Utakifungia kijiti cha kukiegemeza, utakinyoosha, nacho kitalala upande kama kawaida yake. Nimeona mche wa namna hiyo, umri wa miaka minne, umelala kwenye chungu kama mtu aliyechoka. Mwenyewe alikuwa anasubiri usimame. Ukiona mche una majani ya upande mmoja na mwingine tu, mfano wa unyoya, na hauna matawi yanayozunguka, uliza umetokana na nini kabla hujatoa hela.

Halafu unyanyue. Chungu kikiwa kizito kama jiwe na juu kuna ukoga wa kijani, huyo muuzaji ana mkono kama niliokuwa nao mimi zamani. Chukua mwingine au ondoka.

Mche wa sentimita 30 hadi 40 unafaa zaidi kuliko wa mita moja. Mdogo huzoea udongo wako haraka, na baada ya miaka mitatu huwezi kutofautisha. Wangu wa pili nilianza nao ukiwa na sentimita 35.

Udongo wa chungu

Hapa usifanye uvivu. Udongo wa bustani ukiuchota na kuujaza kwenye chungu hugandamana, na mchanganyiko wa dukani wa maua ya ndani mara nyingi hushika maji kupita kiasi. Mimi huchanganya kwa kopo: makopo matatu ya magome ya msonobari yaliyokatwa vipande vidogo vya ukubwa wa ukucha, makopo mawili ya mchanga wa chembe kubwa uliooshwa, na kopo moja la mboji iliyooza kabisa. Ukikosa magome, makapi ya nazi pamoja na changarawe nyepesi ya volkano hufanya kazi, ila makapi yaoshwe mara kadhaa kwa sababu mengine huja na chumvi. Mchanga usiwe wa ufukweni, kwa sababu hiyohiyo.

Mti unapenda uchachu. Majivu usiyatie, chokaa usiitie, wala usipande ukutani mahali palipomwagwa mabaki ya saruji, maana saruji huendelea kutoa chokaa kwa miaka. Kama maji yako ya bomba huacha utando mweupe kwenye birika, kinga ya mvua. Mimi nina pipa moja chini ya mfereji wa paa na hilo ni la Wollemi peke yake. Wengine nyumbani wanajua.

Kupima kama mchanganyiko umekaa sawa ni rahisi. Jaza chungu kitupu, lowesha mara moja, acha kidogo, kisha mimina lita moja kwa mkupuo. Maji yakisimama juu kama kidimbwi huku ukiyatazama, rudi ukaongeze magome na mchanga. Wangu hunywa lita hiyo kabla sijaweka kopo chini, na matundu ya chini yanaanza kutiririka hapo hapo.

Kuna desturi ya kuweka kokoto chini ya chungu ili maji yatoke vizuri. Niliifuata miaka mingi na sasa nimeiacha. Maji hayashuki kutoka kwenye udongo wa chembe ndogo kwenda kwenye kokoto mpaka huo udongo wa juu yake ulowe kabisa. Kwa hiyo kokoto zinapandisha tu lile tabaka lililolowa na kulisogeza karibu na mizizi. Chungu chote kiwe na mchanganyiko uleule kutoka juu hadi chini, na chini kabisa kipande cha wavu kuzuia udongo usitoke. Basi.

Ukubwa nao. Kila ninapohamisha naongeza sentimita 5 za kipenyo, zisizidi. Mche mdogo kwenye chungu kikubwa umezungukwa na udongo usio na mizizi ya kunywa, na udongo huo hubaki mbichi wiki nzima. Mti huu haulalamiki ukibanwa kidogo. Wangu hukaa miaka miwili, hata mitatu, kabla sijauhamisha. Wakati wa kuhamisha mizizi isikunwe wala isikatwekatwe. Toa bonge zima la mizizi na udongo wake, liweke, jazia pembeni, gonga chungu chini mara mbili ili udongo ukae. Usishindilie kwa ngumi.

Jambo dogo kuhusu rangi: chungu cheusi cha plastiki kwenye jua la mchana hupika mizizi. Ukikigusa pembeni na mkono ukarudi nyuma wenyewe, mizizi haina pa kurudi. Kiingize ndani ya chungu kingine kikubwa cha udongo, au kiwekee kivuli upande jua linapopiga.

Kumwagilia

Mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha ondoka. Rudi pale sentimita 4 au 5 za juu zitakapokuwa zimekauka. Kidole kinatosha kupima, lakini mimi baada ya msiba wa kwanza sikukiamini kidole changu tena, nikaleta mizani. Chungu kikiwa kimetoka kumwagiliwa kilikuwa na kilo 6.2. Nikawa nakisubiri kishuke mpaka kilo 5 hivi. Baada ya miezi mitatu mikono ikawa imejua uzito, mizani nikairudisha ilikotoka. Kwa mti mzito usionyanyulika, chomeka kijiti kikavu hadi kina cha kiganja, kiache dakika 10, kichomoe: kikitoka na udongo umekishika, subiri.

Wakati wa joto, wangu wa chungu hunywa mara mbili kwa wiki. Wakati wa baridi umewahi kukaa siku 12. Usichukue namba hizo ukazifanya ratiba, kwa sababu chungu chako, upepo wako na jua lako si vyangu.

Tatizo linalowachanganya watu ni kwamba mti wenye kiu na mti unaozama hufanana usoni: yote huinamisha ncha. Uliokauka ukiunyanyua chungu ni chepesi, na ukiumwagilia jioni asubuhi umesimama. Unaozama chungu ni kizito na ncha imeinama hivyohivyo, na ukisogeza pua kwenye tundu la chini utasikia harufu. Ukiukuta hivyo, usimwage hata tone. Utoe kwenye chungu, ondoa udongo uliolowa kwa vidole, kata mizizi iliyooza kwa mkasi safi, urudishe kwenye mchanganyiko mpya ulio mkavu kiasi na uuweke kivulini. Mingine hupona. Ile sahani itupe, au igeuze ya kunywea ndege.

Jua, kivuli na upepo

Mche hupenda jua la asubuhi na kivuli chepesi mchana. Mti uliozoea huvumilia jua la kutwa, ila mazoezi yafanywe taratibu. Wa pili wangu niliutoa barazani nikauweka uwanjani siku moja ya kiangazi, nikaenda shughuli zangu. Jioni majani ya upande wa magharibi yalikuwa yamegeuka manjano yenye rangi ya shaba, na hayakurudi tena. Nilisubiri msimu mzima majani mapya yayafunike. Siku hizi nasogeza chungu hatua mbili kila wiki kuelekea juani, na huwa inachukua mwezi na nusu.

Ndani ya nyumba unaweza kuuweka wiki chache, karibu na dirisha lenye mwanga mwingi, mbali na kipasha joto na kiyoyozi. Kuufanya mti wa sebuleni wa kudumu sikushauri. Hurefuka ukiutafuta mwanga, vitawi vinakuwa vyembamba, na vumbi linaukalia.

Kuhusu joto na baridi, una uwezo mkubwa kuliko sura yake. Nyuzi 5 chini ya sifuri huzivumilia bila mzozo ukiwa umekomaa, na joto la zaidi ya nyuzi 40 vilevile, ilimradi mizizi ina unyevu na haijachemshwa. Kinachouchosha ni upepo mkavu. Ule wa ardhini niliuzungushia kiambaza cha mianzi upande upepo unakotokea kwa miaka miwili ya kwanza, kisha nikakiondoa.

Kuupanda ardhini

Kabla ya kuchimba, inua macho. Porini unafika mita 40. Kwako hautafika huko katika maisha yako, lakini ukiwa mahali panapoufaa unaweza kuongeza hadi nusu mita kwa mwaka, kwa hiyo uweke mita 5 au zaidi kutoka ukutani, na usiwe chini ya waya za umeme wala juu ya bomba la maji taka.

Chimba shimo la majaribio la sentimita 40, lijaze maji, yaache yaishe, lijaze tena. Mara ya pili ndiyo inayosema ukweli. Yakiisha ndani ya saa chache, panda. Ukiyakuta kesho yake asubuhi, usipande hapo kwenye usawa wa ardhi. Mimi yalikuwepo kesho yake asubuhi, na chura juu yake. Udongo wangu ni mfinyanzi. Nikajenga kichuguu: kipenyo mita 2, urefu sentimita 45, udongo wa juu uliochanganywa na magome na mchanga. Mti ukakaa kileleni. Mvua zikija maji yanauzunguka yanakwenda zake.

Shimo la kupandia liwe pana mara mbili ya chungu, lakini kina kisizidi cha bonge. Ukichimba zaidi na kurudishia udongo laini chini, mti utatitia baada ya miezi kadhaa na shingo ya shina, pale shina linapokutana na mizizi, itafukiwa. Shingo ibaki wazi, hata ikipanda kidole kimoja juu ya usawa si neno. Samadi mbichi isiingie shimoni. Mwagilia mara moja, vizuri, kisha tandaza matandazo ya magome au majani makavu, unene wa sentimita 7, ukiacha upana wa kiganja bila matandazo kuzunguka shina.

Miaka miwili ya kwanza uutazame wakati wa ukame. Baada ya hapo wangu naumwagilia tu pale nyasi za pembeni zinapoanza kulala.

Mbolea ni habari fupi. Tumia ya punje zinazoyeyuka polepole, yenye fosforasi ndogo, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko, mara moja kwa mwaka majani mapya yanapoanza kutoka. Mti wa chungu ukipewa kidogo tena katikati ya msimu hautakataa. Mti unaoumwa usipewe kabisa.

Kofia nyeupe, na matawi yanayoanguka

Msimu wa kwanza wa baridi na mti wangu wa pili, niliamka nikakuta kila ncha imefunikwa kitu cheupe, kigumu kidogo, kama tone la nta lililogandia. Nikasema wadudu gamba hao. Nikachukua pamba na spiriti nikaanza kufuta, ncha moja baada ya nyingine, mpaka nilipofika ya tano ndipo nikatulia na kutazama vizuri. Hakukuwa na mdudu. Mti huvaa hiyo kofia mwenyewe unapopumzika wakati wa baridi, ili kuzilinda ncha. Joto likirudi, chipukizi linaisukuma na kutoka. Zile ncha tano nilizozifuta zilichelewa kuchipua na moja ilikauka. Ukiona kofia, maji yapunguze na mikono yako iweke mfukoni.

Wadudu gamba wenyewe wapo, lakini wao hukaa kwenye shina na mgongoni mwa majani, wana mpangilio wa ovyo, na mara nyingi sisimizi wanawapandia. Kitambaa chenye maji ya sabuni kinawatosha wakiwa wachache.

La pili la kushtua ni matawi. Siku moja nilikuta tawi zima chini, urefu wa mkono, limekatika shinani kwa usafi kama limekatwa kisu. Nikamshuku paka. Kumbe ndivyo mti unavyoishi. Tawi la Wollemi kwa kawaida halitoi matawi mengine. Hurefuka kutoka nchani mwaka hadi mwaka, na likimaliza kazi yake mti huliangusha lote. Ukilitazama kabla halijaanguka utaona majani yake ni mafupi, kisha marefu, kisha mafupi tena, kama mawimbi: kila wimbi ni msimu mmoja wa kukua. La kwangu lilikuwa na mawimbi manne. Tawi la chini na la ndani likianguka, liokote. Matawi ya juu yakianza kunyauka mengi kwa pamoja, hapo nenda kanuse udongo.

Kupogoa si lazima, lakini mti hauogopi mkasi. Ukikata ncha kuu, utachipua mashina mapya mawili au matatu, na kwa chungu kinachopaswa kubaki kifupi hiyo ni njia halali. Hata bila kukatwa hutoa machipukizi kutoka chini ya shina. Porini mti mmoja unaweza kuwa na makumi ya mashina. Watu wanaopenda unyoofu huyakata. Mimi nimeyaacha mawili, kwa sababu shina kuu likivunjika siku moja mti una wa kurithi.

Ukungu wa mizizi

Ugonjwa unaofaa kuogopwa ni mmoja: Phytophthora cinnamomi, kiumbe kinachofanana na ukungu ambacho hukaa kwenye udongo na huogelea ndani ya maji kutoka mzizi hadi mzizi. Mwaka 2005 kiligunduliwa hata kwenye lile korongo, na inadhaniwa kiliingia kwa nyayo za watu walioingia bila ruhusa. Basi kama kiatu kimeweza kukifikisha kule, jembe la kuazima litashindwaje kukifikisha kwako? Naosha mkasi na koleo kwa maji yenye dawa ya kuondoa madoa kabla ya kugusa miti hii, na koleo hilo siliazimishi. Udongo wa mti uliokufa sikuutumia tena popote. Chungu nilikisugua, nikakiacha juani wiki mbili. Udongo usiotuamisha maji bado ndio kinga kubwa kuliko dawa yoyote, kwa kuwa kiumbe hicho bila maji yaliyosimama hakina pa kuogelea.

Koni, mbegu na vipandikizi

Mti mmoja hubeba koni, yaani viungo vyake vya uzazi, za aina zote mbili, dume na jike, kila moja kwenye ncha ya tawi. Za dume ni ndefu, zinaning'inia, kahawia yenye wekundu. Za jike ni duara, za kijani, zimezungukwa na miiba laini, na hukaa juu zaidi ya zile za dume. Wangu wa ardhini umetoa za dume msimu uliopita, saba. Za jike bado.

Kwa vipandikizi, rudi kwenye lile nililosema: kata kwenye chipukizi lililosimama wima, sentimita 10 hivi, lililokomaa nusu. Ondoa majani ya chini, chovya kwenye homoni ya kuotesha mizizi, chomeka kwenye mchanga mtupu wenye unyevu, funika kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, weka kivulini penye joto. Nimejaribu 6 kutoka kwenye machipukizi ya chini. Viwili vimeshika, baada ya miezi mitano.

Mbegu nilinunua, kwa sababu sina za kwangu. Ni nyembamba, za kahawia, na zina ubawa ukingoni. Nyingi huwa tupu ndani, kwa hiyo usikate tamaa ukiona trei kimya. Nilizilaza 20 juu ya mchanganyiko wa mchanga na makapi ya nazi, nikazifunika kwa mchanga mwembamba unaoficha tu, nikaweka kioo juu na kuipuliza maji kila ilipopauka. Ya kwanza iliota siku ya 31. Ya pili siku ya 44. Baada ya hapo sikuona kitu kwa muda mrefu, nikaichukua trei kwenda kuimwaga, na njiani nikaiona ya tatu imeinua shingo pembeni kabisa. Kwenye daftari imeandikwa siku ya 97. Sasa trei siimwagi kabla ya miezi sita.